KAZI YA MTOTO IWE YA MTOTO

Hotuba juu ya kufundisha kufuma na kazi nyepesi za mikono kwa watoto wa madarasa ya chini, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetuagiza tuseme juu ya darasa la Jumamosi, yaani lile darasa la kufuma na kazi nyepesi za mikono ambalo chama hulinunulia uzi kwa ada zenu. Tutasema "sisi" tangu mwanzo hata mwisho, kwa kuwa maneno haya ni ya karani pamoja na mama waliojitolea kufundisha. Tena makosa tutakayoyataja ni ya wote, wala hatumtupii mtu mmoja. Mwisho wa hotuba hii mtaulizwa kama fedha za uzi ziendelee kutolewa au zikatwe. Basi ni haki yenu kuujua ukweli wote kabla ya kuinua mikono.

Ukweli wa kwanza ni huu. Katika kitabu cha taarifa cha mwaka jana tuliandika kwamba kofia na skafu zilizotandazwa mezani siku ya mkutano zilifumwa na watoto wa Gredi ya kwanza na ya pili. Mlizishika, mkazisifu, mkapiga makofi, na wengine wenu mkaongeza mchango papo hapo. Ndugu zetu, maneno yale hayakuwa ya kweli. Vilikuwa vitu vizuri, lakini vingi havikuwa kazi ya watoto. Leo twayafuta maneno yale mbele yenu, na tumeomba masahihisho haya yapigwe chapa katika kitabu cha mwaka huu, ili atakayesoma hapo baadaye asidanganyike.

Tulilijuaje jambo hili? Wiki chache baada ya mkutano, mzee mmoja wa chama, aliyekuwa ameipenda kofia moja nyekundu kupita zote, alifika darasani kumwona fundi wake mdogo. Msichana yule ana umri wa miaka saba. Mzee akamwambia, "Haya, mjukuu wangu, hebu nifumie mstari mmoja nikuone." Mtoto akashika sindano kama mtu ashikavyo vijiko viwili, akatutazama, kisha akajibu bila hofu wala hila: "Babu, mimi sijui. Mama ndiye aliyefuma. Mimi nilimshikia donge la uzi." Mzee hakukasirika. Alimpa mtoto mkono, akakaa kimya kidogo, kisha akatugeukia sisi, akasema, "Huyu amesema kweli. Na ninyi je?"

Tangu siku ile tuliwauliza watoto mmoja mmoja, kwa upole. Kofia nyingine zilifumwa na mama, nyingine na dada mkubwa. Skafu mbili zilinunuliwa sokoni. Na kazi kadhaa zilianzwa na mtoto, kisha sisi wenyewe tukazimaliza usiku wa kuamkia mkutano, huku tukijiambia kwamba ni kumsaidia tu. Hakuna aliyeagizwa kudanganya. Lakini tulikuwa tumewapelekea wazazi barua kwamba kila mtoto alete kitu kimoja kilichokamilika, tena kizuri, kabla ya siku ya mkutano. Mtoto wa miaka sita hawezi kufuma kofia kamili katika majuma sita, naye mama hakubali mtoto wake aaibike mbele ya wazee. Tuliomba vitu, tukaletewa vitu. Hatukuomba mtoto ajue, kwa hiyo hakujua.

Wazee wetu, kosa hili lina umri mkubwa kuliko chama chetu. Kati yenu wako waliozaliwa na mama waliojifunza kufuma katika vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952. Serikali ya kikoloni ilikuwa na makusudi yake katika siku zile za Hali ya Hatari, wala hatuyasifu. Lakini mama aliyetoka kikundini na sindano zake mbili alijua kuzitumia, maana alizishika kwa mikono yake mwenyewe. Baadaye, mwaka 1985, ulikuja mfumo wa 8-4-4, nao ukaleta sanaa, ufundi na sayansi ya nyumbani katika shule za msingi. Nia ilikuwa njema. Lakini wengi wetu tuliosoma katika mfumo ule twaukumbuka mtihani wa darasa la nane: swali la kazi ya mikono lilikuwa na majibu manne, A, B, C na D, na kazi ya mwanafunzi ilikuwa kuchagua moja kwa penseli. Tulifaulu kuchagua. Wengi wetu hatujafuma hata soksi ya mtoto mchanga mpaka leo. Kisha, katika marekebisho ya mtaala ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, masomo hayo yaliondolewa katika mtihani, na shule nyingi zikayaacha. Kwani kifundishwacho kwa ajili ya mtihani peke yake hakina uhai mtihani ukiondoka.

Tangu Januari 2019 watoto wa madarasa ya chini nchini kote husomeshwa kwa mtaala wa umilisi, ambao wataka mtoto atende kwa mikono yake, wala si kukariri tu. Hilo ni jema, nasi twaliunga mkono. Lakini ni nani kati yetu hajamwona mzazi hapa Kitengela, saa nne za usiku, akikata karatasi na kupaka gundi, na mtoto mwenyewe amelala? Kesho yake mwalimu hutia alama nzuri, na alama ile ni ya baba. Basi sisi hatukufanya jipya mwaka jana. Tulifuata desturi iliyokwisha kuenea, na kwa sababu imeenea hatukuiona kuwa ni uongo.

Tulipotubu tulianza kutafuta njia nyingine, na mwalimu wetu wa kwanza hakuwa mtu wa shule. Alikuwa nyanya mmoja wa upande wa Kajiado, ambaye watoto humwita Koko, kama Wamaasai wamwitavyo bibi. Tulimwendea tukamwuliza jinsi yeye alivyofundishwa kutunga shanga. Alitueleza kwamba alipokuwa mdogo hakupewa shanga nzuri. Alipewa zile zilizobaki, na kipande cha uzi, akaketi kando ya mama yake aliyekuwa akifanya kazi yake. Alitunga, akakosea, akatungua, akatunga tena. Tukamwuliza, "Je, mama hakukushika mkono kukusahihisha?" Akacheka, akasema: "Angalishika mkono wangu, mkono ungalikuwa wake. Alinionyesha ya kwake tu. Nilipoona yangu si kama yake, nikaitungua."

Maneno hayo yalituingia sana. Tena tazameni, ndugu zetu, jinsi lugha yetu yenyewe ilivyolijua jambo hili kabla yetu: tunga na tungua, fuma na fumua. Neno la kutengeneza na neno la kufungua kosa ni ndugu wa tumbo moja. Katika kazi hizi mbili kosa halimpotezei mtu kitu. Ubao uliokatwa vibaya umeharibika, na nguo iliyokatwa vibaya imekwisha. Lakini uzi uliofumwa vibaya hufumuliwa, ukawa uzi tena. Kwa sababu hiyo twaona kazi hizi zafaa mno kwa mtoto mdogo, maana mtoto yapasa akosee mara nyingi, na asitiwe hofu kwa kila kosa.

Lakini zamani mtoto alikuwa na Koko wake karibu. Siku hizi hali imegeuka. Katika sensa ya 2009 kaunti yetu ya Kajiado ilihesabiwa watu 687,312. Katika sensa ya 2019 walihesabiwa 1,117,840. Wengi wa hao walioongezeka wamehamia miji kama Kitengela, Ngong na Ongata Rongai, nao hukaa katika nyumba za kupanga, mbali na bibi na babu. Mtoto wa nyumba hizo humwona mama akitoka alfajiri na kurudi usiku. Ni nani atakayeketi naye na kazi mkononi ili aione na kuiga? Hapo ndipo chama kina nafasi yake. Darasa la Jumamosi si kiwanda cha kofia. Ni mahali pa Koko kwa watoto ambao Koko wao yuko mbali.

Mfano wa pili tuliupata jirani. Upande wa Mbagathi, karibu na Ongata Rongai, iko shule ya Rudolf Steiner iliyoanzishwa mwaka 1989. Katika shule za mfano huo, popote duniani, kufuma si mchezo wa kupitisha wakati. Ni somo la watoto wa darasa la kwanza, wavulana na wasichana sawasawa, kwa imani kwamba vidole vilivyofundishwa huisaidia akili kusoma, kuandika na kuhesabu. Shule ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa mwaka 1919 katika mji wa Stuttgart, Ujerumani, nayo ilifunguliwa kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara. Hatusemi kwamba tuyaige yote yafanywayo huko. Lakini tulipopata habari hiyo tuliwakumbuka wazazi wetu wa Kitengela waamkiao viwanda vya nguo vya eneo la EPZ, Athi River. Katika viwanda vya namna hiyo kazi hugawanywa vipande: mmoja hushona ukosi tangu asubuhi hata jioni, mwingine mikono, mwingine vifungo. Mama mmoja alituambia kwamba ameshona maelfu ya shati, wala hajashona shati moja. Basi ni jambo kubwa mtoto wake akipata kuanza kitu na kukimaliza mwenyewe, hata kikiwa kidogo kama kitambaa cha kushikia sufuria.

Sasa tueleze jinsi tufundishavyo, ili mtakaokwenda kuanzisha darasa kama hili huko kwenu mjue pa kuanzia.

Kwanza, hatuanzi na sindano. Mtoto hufuma kwa vidole vyake vinne, akipitisha uzi mbele na nyuma ya vidole na kuruka kitanzi kimoja juu ya kingine, mpaka atoe kamba ndefu. Kamba ile hufungia mkoba au huwa kamba ya kurukia, naye hufurahi siku ile ile ya kwanza.

Pili, mtoto hujitengenezea sindano zake. Tulianza kwa spoki za baiskeli, kama tulivyoona watoto wengi wakifanya, lakini kwa vidole vidogo spoki ni nyembamba mno. Vitanzi hukazana, na mtoto huchoka akaichukia kazi. Siku hizi twatumia vijiti vya leleshwa vilivyonyooka, vinene kama penseli, vyenye urefu wa sentimita 25 hivi. Mtoto huvimenya, huvisugua kwa msasa, huchonga ncha moja kwa kichongeo cha penseli bila kuifanya kali, huvipaka nta, na mwisho wa pili hubandika ushanga mkubwa ili vitanzi visichomoke. Mtoto aliyejitengenezea sindano haipotezi ovyo.

Tatu, uzi uwe mnene, wa sufu, na wa rangi isiyokoza, kwani katika uzi mweusi mtoto haoni kitanzi chake. Kondoo wetu wekundu wa Kimaasai, ijapokuwa wanasifika kwa kustahimili minyoo, wana nywele tu, hawana sufu. Kwa hiyo uzi hatuna budi kuununua. Ili kupunguza gharama twanunua sokoni sweta kuukuu za mitumba, tukichagua zile zilizofumwa kipande kwa kipande, si zile zilizokatwa kwa mkasi na kushonwa, maana hizo za pili zikifumuliwa hutoa vipande vifupi visivyofaa. Uzi ukifumuliwa huwa na mikunjo. Twaufunga vicha, twaufua kwa maji ya vuguvugu, na kuuanika ukiwa umening'inizwa kitu kizito kidogo mpaka unyooke. Kufumua ni kazi ya watoto wenyewe, nao waipenda sana.

Nne, kila mtoto huanza na vitanzi 12 tu, hufuma kipande cha mraba chenye upana wa kiganja cha mtu mzima. Hatua ni nne, nao huzisema kwa sauti pamoja: chomeka, zungusha, chomoa, achia. Kosa la kwanza la kila mtoto ni lile lile: vitanzi huongezeka pembeni bila yeye kujua, au kimoja huponyoka, hata kipande kikawa kipana juu na chembamba chini. Kwa hiyo mwisho wa kila mstari sharti ahesabu. Hapo mvulana mmoja mchungaji alitufundisha sisi. Tulimwambia ahesabu vitanzi; akasema nyumbani kwao wazee hawapendi kuhesabu mifugo, wala yeye hahesabu mbuzi wakirudi jioni; huwatazama tu, akajua nani hayupo. Naye kweli, aliitazama kazi yake, akaweka kidole mahali kitanzi kilipoponyoka. Tangu hapo twawaambia watoto wote: hesabu, kisha tazama kama mchungaji.

Tano, nayo ndiyo amri kuu ya darasa: mkubwa haruhusiwi kushika kazi ya mtoto. Mwalimu ana kipande chake na sindano zake. Mtoto akikwama, mwalimu humwonyesha katika kipande chake yeye mwalimu, polepole, mara tatu, mara nne, mara kumi. Amri hii ni ngumu kuliko mnavyodhani. Mkono wa mtu ajuaye huwasha kwa hamu ya kuokoa kazi ya asiyejua. Mama mmoja katika walimu wetu hukaa akiikalia mikono yake, na watoto humcheka.

Wako watoto ambao huketi na kazi ile ile kwa miezi miwili. Yuko mmoja aliyefumua kipande chake chote mara sita. Tulimhurumia, tukamwambia kimetosha. Akakataa, akasema bado hakijanyooka. Mara ya saba kilinyooka. Hatujui kama atapata kuwa fundi wa kufuma maishani mwake, lakini twajua ya kuwa alijifunza jambo ambalo watu wazima wengi hatujalijua, yaani kulifungua kosa kwa mkono wake mwenyewe bila kuaibika na bila kumtafuta wa kumlaumu.

Sasa tujibu maswali mawili ambayo wazee wametuuliza mara nyingi, nasi twayaheshimu.

Swali la kwanza ni juu ya wavulana. Mzee mmoja alitamka waziwazi kwamba hakulipa ada ili mjukuu wake wa kiume afundishwe kazi ya wanawake. Mzee wetu, twakuomba utembee nasi katika soko lo lote la kaunti hii, utazame barazani ni nani aketiye nyuma ya cherehani. Aghalabu ni mwanamume, naye hulisha jamaa yake kwa sindano, wala hakuna amchekaye. Katika kisiwa cha Taquile, kilichomo katika Ziwa Titicaca nchini Peru, wanaume ndio wafumao kofia, na wavulana hufundishwa kazi hiyo tangu wangali wadogo. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza sanaa ya nguo ya kisiwa hicho kuwa urithi wa binadamu wote. Basi kazi haina mume wala mke. Watu ndio waigawao, kila mahali kwa namna yao. Wala hatuwaondoi wavulana katika uchungaji. Tumeona kwamba kipande cha kufuma huingia mkobani, na mtoto aweza kufuma mistari mitatu mbuzi wakipumzika kivulini.

Swali la pili ni juu ya fedha. Tumeulizwa: Je, vitu hivi vitauzwa? Mtoto atapata riziki? Hapa twataka kusema wazi, kwani mwaka jana tulisema vingine. Hapana. Mtoto wa miaka saba hafumi cho chote ambacho mnunuzi atakilipia, wala haifai tumtake afume kwa ajili ya soko. Tena sweta ya mtumba ni rahisi kuliko uzi wa kufumia sweta mpya. Ni kweli kwamba katika ukame ule mkali, tangu mwisho wa 2020 hata mwanzo wa 2023, ng'ombe walipokufa na boma zikabaki tupu, ziko jamaa hapa petu zilizopata unga kwa shanga zilizotungwa na mama. Mkono ujuao kazi ni akiba. Lakini mama wale hawakuanza kujifunza siku ng'ombe walipokufa. Walijifunza utotoni, wakati ambapo hakuna aliyetarajia kuuza. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Hawakusema uupeleke sokoni ungali maji.

Bwana Mwenyekiti, kazi za mwaka huu ziko juu ya meza ile pale mlangoni. Twawaomba mzitazame mtakapokwenda kunywa chai. Hamtaona kofia hata moja. Mtaona vipande vya mraba, na vingi katika hivyo si mraba. Viko vyenye matundu. Viko vyembamba kiunoni kama nyigu. Kimoja kilianza na vitanzi 12 kikaisha na 19. Tumeviunganisha vyote kuwa blanketi moja, wala hatukukinyoosha kipande hata kimoja. Kila kipande kina kifundo cha uzi wa rangi ya mtoto aliyekifuma, nao watoto wenyewe wako nje. Mzee akitaka kujua, na amwite mwenye kipande, ampe uzi na sindano. Safari hii hatuogopi swali lile.

Basi tuna maombi matatu.

La kwanza, mtuendelezee fedha za uzi kwa mwaka mwingine, kwa kiasi kile kile, hatuombi nyongeza.

La pili, msituombe vitu. Mkitaka kutupima, njoni Jumamosi yo yote bila taarifa, mkae na watoto. Mkiona watoto hawajui, katishieni fedha hapo hapo, nasi tutakuwa tumestahili. Lakini mkitudai meza ya vitu vizuri siku ya mkutano, twaogopa udhaifu wetu wenyewe. Tutarudi pale pale tulipotoka.

La tatu ni kwa mama na nyanya wanaojua kutunga shanga, kusuka au kushona. Twahitaji watu wa kuketi. Hatuhitaji cheti wala hotuba. Njoo na kazi yako mwenyewe, uketi katikati ya watoto, uifanye. Mtoto atakuja atazame. Akikuuliza, mwonyeshe. Akikosea, mwache akosee.

Yule msichana wa kofia nyekundu bado yuko nasi. Kipande chake ni cha tatu kutoka kushoto, katika mstari wa chini, chenye kifundo cha rangi ya samawati. Kimepinda upande mmoja. Alipokimaliza alikwenda mwenyewe kwa yule mzee aliyemwuliza mwaka jana, akamwambia, "Babu, hiki ni changu." Mzee yuko hapa leo, naye akipenda atawaeleza mwenyewe alivyojibu. Sisi tuliokuwapo twasema hili tu: mwaka jana alisifu kofia, na mwaka huu alimsifu mtoto.

Twaliacha jambo hili mikononi mwenu.